Sikio Ndani ya Hotipoti

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku moja ya Novemba, Mama Shemasi alinipigia simu kuniuliza kama ninaweza kumtengenezea mashine ya kuona samaki chini ya barafu, ambayo mwanamke mwenye bega moja zima anaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Hakunisalimu kwanza, naye ni mtu anayesalimia hata mbwa wa jirani. Nilijua hapo hapo kwamba ameongea na binti yake.

Binti yake, Neema, anaishi Louisville, mtaa wa Newburg, na kazi yake ni kutunza wazee zamu ya usiku. Alikuwa ametoka kazini, akampigia mama yake na kumpa sharti. Majira ya baridi yaliyotangulia Mama Shemasi alianguka akivuta kigari cha vifaa vyake juu ya barafu ya bandari, hapa Buffalo. Bega la kulia liliteguka, naye akalificha chini ya kitenge mpaka Pasaka. Neema alipojua hakulia wala hakugomba. Alisema atakuja Februari, na atamwangalia mama yake akitoka ufukweni mpaka kwenye shimo lake na kurudi, amebeba vitu vyake mwenyewe, bila kuvuta kitu na bila kusaidiwa. Akishindwa, atahamia Newburg kabla ya msimu mwingine kuanza, na habari itakuwa imekwisha.

"Bon, mi nilikubali," Mama Shemasi aliniambia. "Sasa weye njo utanisaidia."

Nilimwuliza kwa nini asihamie tu kwa mwanawe, kama wazee wengi wanavyofanya. Nikasikia sufuria ikiwekwa jikoni kwake. "Kule nitakuwa mama ya Neema," alisema. "Hapa niko miye."

Cheo chake kanisani kilikuwa kimekwisha kumeza jina lake. Sijui watu wangapi upande huu wa East Side walilijua jina alilobatizwa. Watoto walimwita Mama Shemasi, watu wazima waliomzidi umri walimwita Mama Shemasi, na daktari aliyemtibu bega alimwita hivyo pia, akidhani ni jina la ukoo. Alikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na kwenye ujia wake alikuwa na friza ndefu kama kabati lililolazwa. Ndani ya friza hiyo mlikuwa na samaki wa kila msiba. Mtu akifiwa katika jumuiya yetu, sufuria ya kwanza kufika ilitoka kwake, na ilifika kabla ya mchungaji. Huko Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, aliwahi kuwa mchuuzi wa samaki, na aliniambia kwamba siku ya kwanza alipoona watu wamekaa juu ya ndoo katikati ya ziwa lililoganda alimshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu alikuwa amefikiri kwamba Amerika samaki huzaliwa dukani.

Samaki aliowapenda ni wale wa njano wenye milia, wanaoshikwa kwa wingi hapa wakati wa baridi. Aliwaita mikeke ya Amerika, ingawa hawafanani na mikeke wa Tanganyika hata kwa mkia. Aliwakaanga wazima, wakakauka mpaka mifupa ikatafunika, na pilipili aliiweka pembeni kwa sababu, alisema, pilipili ni ushuhuda wa mtu binafsi.

Alikuwa mtu wa sheria, na sheria zake hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Aliyechelewa ibadani alisimamishwa mlangoni mpaka wimbo umalizike. Yeye mwenyewe, samaki wakila vizuri Jumapili alfajiri, aliingia katikati ya mahubiri na viatu vinavyotoa maji, akaketi mbele kabisa. Aliwafundisha akina mama vijana kwamba uongo hauna saizi. Lakini mvuvi mwenzake akimwuliza amewapata wapi samaki wake, alimwonyesha upande mwingine wa bandari bila kupepesa macho. Siku moja nilimkumbusha somo lake mwenyewe. Alinijibu kwamba ile "haiko bongo, iko lupango". Bongo kwetu ni uongo, na lupango ni ua unaozungushwa nyumba, na alimaanisha kwamba mtu kuzungushia riziki yake ua si kudanganya. Sikushawishika. Lakini pia sijapata kumwona akila samaki wa ua huo peke yake.

Kiingereza alikijua kuliko alivyokubali. Kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu kutoka Cheektowaga, mji wa jirani, mstaafu mwenye masharubu ya theluji, ambaye alimtobolea barafu kwa keekee yake ya injini kila walipokutana. Mzee aliongea Kiingereza, Mama Shemasi aliongea Kiswahili, na walibishana hivyo kwa muda mrefu juu ya upepo na chambo. Alimlipa kwa sambusa. Nilipomwuliza kwa nini hamsemeshi Kiingereza, alisema yule mzee ana masikio mawili na hakuna hata moja analolitumia, kwa hiyo lugha haina kosa.

Baada ya kuanguka hakutaka tena kumtegemea mzee huyo. Siku ambazo hakuja, Mama Shemasi alizungusha keekee ya mkono kwa bega bovu, akatoboa shimo moja, akakuta hakuna samaki, akatoboa jingine. Hapo ndipo mashine ilipohitajika. Mashine ya sona hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Ukiwa na kioo chake mbele yako unaona kina cha maji, unaona tope la chini, na unaona samaki kama kamstari kanakopita kati. Kichwa kinachotuma sauti huning'inizwa ndani ya shimo. Na barafu ikiwa safi, bila mapovu, unaweza kumwaga maji kidogo juu yake, ukakilaza kichwa hicho kwenye maji, na kikasikia mpaka chini kabla hujatoboa chochote. Nilimweleza hivyo, naye aliliacha jina la sona palepale. Aliiita Sikio.

Mimi sikusomea ufundi. Umeme nilijifunza kwenye vitabu vya maktaba na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe, kwanza Louisville nilikofikia, kisha Columbus, ambako nilianza kurekebisha mikanda ya kusafirishia mizigo ghalani. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo, sasa huku Cheektowaga. Columbus niliacha rafiki, Mkenya mmoja mhasibu, aliyewahi kununua mashine ya sona kwa ajili ya mashua ambayo mkewe hakumruhusu kuinunua. Niliendesha gari kwenda kuichukua Jumamosi moja.

"Betri ndiyo imekufa, the rest iko sawa," aliniambia, akiifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Lakini Baba Esta, niambie ukweli. Mama wa miaka hiyo, kwa barafu? Serious?"

Nilimwambia aje amwambie mwenyewe. Alicheka, akakataa malipo, akaomba samaki. Mama Shemasi alimtumia samaki waliokaushwa kila msimu aliovua, na hawakuwahi kuonana.

Mashine ya mashua imetengenezwa kukaa mahali pamoja. Ina kishikio cha kufungwa kwa skrubu, waya wa kichwa mrefu mara mbili ya chumba changu, na inategemea betri kubwa ya chombo. Ili mtu aibebe kwenye barafu inahitaji betri yake ndogo, mahali pakavu na pa joto pa kuikalisha betri hiyo, namna ya kukunja waya bila kuuvunja, na mpini. Waya wa kichwa haukatwi ukafupishwa. Vitabu vyote nilivyosoma vilionya juu ya hilo, kwa hiyo urefu wote ilibidi nao usafiri.

Nilianza na sanduku la mbao. Nilikata mbao kwa kipimo, nikapiga msasa, nikaweka bawaba. Mama Shemasi alikuja kuliona, akalizunguka, akalinyanyua kwa mkono wa kushoto, akaliweka chini.

"Papa Esta," alisema, "huyu marehemu ni nani?"

Nilijaribu ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ilikuwa nyepesi, lakini baridi iliingia kama haikuona ukuta, na betri ya risasi, aina ile ya magari, niliyoweka ndani ilipoteza nguvu kabla sijamaliza kunywa chai nje kwenye ngazi. Nikabadilisha, nikatafuta betri ya lithiamu, ambayo ina uzito chini ya nusu ya ile. Hiyo nayo haipendi baridi kali, na ukirudi nayo imeganda na kuichaji hapo hapo unaiua. Nilizungushia ndoo sponji, nikazungushia foili. Ilifanana na kitu kilichookotwa baada ya ajali. Mama Shemasi alikuwa ananitazama siku hiyo akiwa ameketi kwenye kiti cha karakana yangu, koti bado mwilini, mkono wa kulia umepakatwa. Alitoka, na baada ya nusu saa alirudi na hotipoti.

Ilikuwa moja ya zile hotipoti kubwa za kanisani, zenye kuta mbili na mfuniko wa kukaza, wa rangi ya zambarau na maua pembeni. Aliiweka mezani, juu ya michoro yangu.

"Bugali inabakia na moto humu toka ibada ya kwanza mpaka ya pili," alisema. "Betri ni nani ikatae?"

Nimekaa na mashine maisha yangu yote ya utu uzima, na ninajua wazo zuri linavyonyamazisha chumba. Nilipima. Betri iliingia chini, juu ya duara la sponji, na nafasi ikabaki. Nilipitisha waya kwenye tundu moja dogo ubavuni na kuliziba kwa gundi ya silikoni. Fyuzi niliiweka karibu na betri, ndani, ili vidole vyenye glavu visiifikie. Kioo nilikifunga juu ya mfuniko kwa kishikio chake chenyewe, kikainamia mtu aliyekaa. Waya wa kichwa niliuzungusha nje ya chungu kwenye kulabu mbili, na kichwa chenyewe nikakifungia kikamba chenye fundo, ili kining'inie sawa bila kuinama, maana kikiinama kinasikiliza ukuta wa shimo na kukuonyesha samaki wa uongo. Mwisho niliweka mpini wa kamba nene iliyopitishwa ndani ya kipande cha bomba. Kitu chote kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga mwenye afya, na hivyo ndivyo alivyokibeba siku ya kwanza, akakipakata kabla hajakumbuka kwamba kina mpini.

Kanisani habari zilienea. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne, mcheshi asiyechoka, alimsimamisha mlangoni mbele ya watu na kumwuliza kama shemasi anaruhusiwa kupiga ramli majini. Watu walingoja. Mama Shemasi ndiye aliyekuwa ameongoza maombi ya siku tatu dhidi ya waganga wa simu, wale wanaotuma ujumbe kwamba wameona jina lako kwenye maji.

"Ramli inaongea hata kama hakuna kitu," alimjibu. "Hii, kama hakuna kitu, inanyamaza. Ingekuwa muzuri na weye ukuwe na ya kwako."

Alijifunza kukisoma kioo kwa njia iliyonitia wasiwasi. Mimi nilimwandalia mafunzo kwa mpangilio: kwanza kina, kisha nguvu ya sauti, kisha kelele. Aliniacha nimalize, halafu akaninyang'anya kikamba na kushusha kijiko cha chuma ndani ya pipa la maji nililokuwa nalo nyuma ya nyumba. Alikishusha na kukipandisha akitazama kioo, mpaka akajua kijiko kinaonekanaje kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama, kikiwa kimetulia. Kisha aliomba uma. Tulishinda hapo mpaka vyombo vyangu vyote vya mezani vikawa vimezama. Alisema hawezi kumwamini mpishi ambaye hajamwona akikata kitunguu.

Nisije nikamfanya mpole. Alinisumbua majira yale yote. Alitaka mpini uwe upande wa kushoto, kisha katikati, kisha kushoto. Alinipigia simu kazini kunieleza kwamba ameota kamba imekatika. Nikimwambia jambo haliwezekani alisema "donc haujajaribu", yaani basi hujajaribu, na mara nyingi ilikuwa kweli. Alichukia kusaidiwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado aliweza kukuamsha kabla ya jua umsaidie. Nadhani aliona kwamba akikuamrisha huwi tena msaada. Unakuwa mkono wake wa pili. Nilikubali kuwa mkono huo. Sijui watu wengi ambao ningewakubalia.

Neema alifika Februari, Ijumaa, kwa ndege. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye uchovu wa watu wanaogeuza wagonjwa kitandani. Jumamosi asubuhi tulikuwa ufukweni watatu. Upepo ulikuwa mdogo, na mbele yetu bandari ilikuwa nyeupe mpaka kwenye ukuta wa mawe. Wavuvi wengine walikuwa wamekaa mbalimbali kwenye ndoo zao. Shimo la Mama Shemasi, yaani mahali alipopapenda, lilikuwa mbali kuwapita wote, karibu na ukuta.

Alivaa ovaroli ya mwanamume, vitenge viwili juu yake, na minyororo ya kuzuia kuteleza kwenye viatu. Mgongoni alikuwa na begi lenye keekee iliyokunjwa na fimbo fupi ya kuvulia. Mkono wa kushoto ulibeba hotipoti. Mkono wa kulia, ule wa bega bovu, ulishika mtaimbo mwembamba, naye alikuwa akiuinua kidogo tu na kuuachia uanguke kwa uzito wake mbele yake kila baada ya hatua kadhaa, kupima barafu. Neema alikuwa amesema atabaki ufukweni, lakini mama yake alipoanza kwenda alimfuata nyuma, nami nikafuata nyuma ya Neema.

Alitembea vizuri. Nilitazama mpini, nikatazama bega, na nikaona uzito uko mahali pake. Tuliwapita wavuvi wote. Mtaimbo ulilia sauti moja ile ile, kavu. Nilimwona Neema akianza kulegeza mabega yake mwenyewe.

Kisha sauti ikabadilika. Mimi sikuisikia, nilimwona tu Mama Shemasi amesimama. Aliuangusha mtaimbo tena pale pale, na maji yakapanda kwenye tundu, ya kijivu, yakaenea polepole juu ya theluji. Mbele yake kulikuwa na ufa mwembamba uliofunikwa na theluji mpya, unaokata njia kutoka ukutani. Ng'ambo yake, mahali pake palionekana. Tungeweza kutupa jiwe likafika.

Nilifikiri atazunguka. Nilianza hata kutafuta kwa macho mahali ufa unapoishia. Yeye hakutafuta. Aligeuka akatutazama, kwanza mimi, halafu binti yake.

"Nimeshindwa," alisema. "Turudie kwa nyayo zetu."

Neema alimwuliza, taratibu, kama ameelewa anachokisema, kwamba sharti lilikuwa kufika. Mama Shemasi alimjibu kwamba yeye ndiye aliyelikubali, anajua lilivyo. Akapita katikati yetu na kuanza kurudi, akikanyaga alama za viatu vyake mwenyewe, hotipoti mkononi.

Karibu na ufukwe, kati ya wavuvi wengine, aliomba tupumzike. Barafu hapo ilikuwa nene na mtu alikuwa ameacha shimo lililotobolewa. Alisema hata mtu aliyeshindwa anaweza kuangalia kuna nini chini. Aliketi juu ya begi, akashusha kichwa cha mashine kwa kikamba, akabonyeza. Kioo kiliwaka, kikaonyesha kina, kikaonyesha tope. Halafu kikazimika. Akabonyeza tena. Giza.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejaribu mashine ile ndani ya friza yake mwenyewe usiku kucha, na haikuwahi kuzimika. Nilifungua mfuniko, na mvuke ukanipiga usoni.

Juu ya betri, umefungwa kwa mfuko wa plastiki na kitambaa cha jikoni, ulikuwa umekaa bugali. Ulikuwa wa moto bado. Kuta za ndani zilitiririka maji, maji yalikuwa yamekusanyika chini, sponji lilikuwa limelowa, na fyuzi ilikuwa imeoga. Kando ya bugali palikuwa na pakiti nyingine ndogo, ya samaki, na pilipili pembeni.

Nilimwuliza kwa nini. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nataka kujua kweli, maana katika mahesabu yangu niliweka baridi, upepo, theluji, kuanguka na maji ya ziwa, na hili sikuliweka. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kitu. Kwao, aliyetangulia kufika majini ndiye mwenyeji wa hapo. Atakayemkuta ni mgeni wake, na mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu. Hakuwahi kwenda ziwani bila chakula cha mtu asiyemjua. Kabla ya mashine alikibeba kwenye kigari. Sasa kigari kilikuwa kimekatazwa.

"Mutu akikukuta ku mayi, utamupa nini?" aliniuliza. "Betri?"

Neema ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akiwa amesimama, kisha akachuchumaa, kisha akakaa juu ya barafu kabisa, na kicheko kikageuka kitu kingine, nikaangalia pembeni. Aliponyamaza alinyoosha mkono ndani ya hotipoti, akatoa bugali, akaumega. Alimpa mama yake, akanipa mimi, akala. Yule mzee wa kizungu wa Cheektowaga alikuja na ndoo yake, akapewa kipande, akakichovya kwenye pilipili, akasema neno ambalo sitaliandika.

"Mama, utabakia hapa," Neema alisema, bado anatafuna.

Mama Shemasi alimkumbusha kwamba hakufika.

"Kufika haikunisumbua. Mi niliogopa siku moja hautajua kurudia."

Jumapili alikwenda kanisani na mama yake, na jioni akapanda ndege.

Nilikausha mashine kwa wiki nzima, nikabadilisha fyuzi, nikapaka ncha za betri mafuta ya grisi. Kisha nilitengeneza kile ambacho ningepaswa kutengeneza tangu mwanzo: hotipoti ya pili, ndogo, iliyoning'inia chini ya ile kubwa kwa kulabu, kwa ajili ya mgeni. Uzito uliongezeka. Alibeba bila kulalamika.

Alivua hivyo misimu mitatu. Baada ya hapo ilikuja miaka ya barafu mbovu. Asubuhi nyingi alishuka ufukweni, akaangusha mtaimbo mara moja au mbili, akarudi nyumbani na bugali, akaula na mpangaji wa chini. Majira ya mwisho hakukanyaga ziwa hata siku moja. Katikati ya kiangazi alimpigia Neema simu, akamwambia aje amchukue. Neema aliniambia baadaye kwamba alidhani mama yake ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameosha friza na kuigawa.

Nilimwona mwaka jana, nilipokwenda Louisville kwa harusi. Wanakaa kwenye yale majengo ya Newburg ninayoyafahamu, ghorofa ya chini, dirisha la jiko likitazama maegesho ya magari. Amekonda kidogo. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na hazifungi tena kwa kitambaa. Alinisalimu kwa kirefu, mke, mtoto, kazi, mikanda ya ghalani, halafu akanikalisha na kuanza kukaanga kambale, akilalamika kwamba samaki wa huku ni wavivu na mafuta yao yanaonyesha. Mtoto wa jirani alikuja mlangoni akamwita Mama Shemasi, akapewa kipande, akaenda. Baada yake alikuja mtu mzima akauliza saa ya mkutano wa maombi. Nilimwuliza kama sasa amekuwa mama ya Neema. Aligeuza samaki.

"Neema njo amekuwa mutoto ya Mama Shemasi," alisema. "Muulize."

Neema alikuwa ameamka kwa ajili ya zamu, amekaa mezani na chai. Alikubali kwa kichwa. Kisha akasema kuna jambo hajapata kumwambia mtu, na sasa si vibaya likijulikana. Siku ile kwenye barafu alikuwa na tiketi mbili za ndege za kurudi Louisville. Moja ilikuwa yake. Ya pili alikuwa ameinunua Ijumaa ile jioni, kwa jina la mama yake, ya kwenda tu, kwa sababu alikuwa na uhakika.

Mama Shemasi hakugeuka. "Nilijua," alisema.

Neema aliweka kikombe chini, akamwuliza alijuaje.

"Ile jioni uliniomba kitambulisho. Kuangalia barafu haiombake kitambulisho."

Mafuta yaliendelea kulia kwenye kikaango. Niliwatazama wote wawili, na nikafikiri juu ya ufa ule mwembamba, na juu ya namna alivyogeuka bila hata kutafuta unapoishia, huku akijua kilichomo kwenye mfuko wa binti yake. Niliuliza ninachojua kuuliza: kama shirika la ndege lilirudisha pesa.

"Haikurudisha," Neema alisema, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nilimwona akicheka. "Dola mia moja arobaini na saba."